Kovu la Baba Mdogo

Ilipojulikana kwamba Baba Mdogo ana saratani ya utumbo mpana, ukoo wetu wote wa Tanga uligawanyika pande mbili, ukabishana juu ya kovu. Shangazi alitaka apelekwe mbali, kwenye upasuaji wa matundu, ule wa kuingiza kamera tumboni. "Siku hizi watu hawapasuliwi kama papai," alisema. Bibi naye akang'aka: "Atakitoaje kitu kwa kuchungulia tunduni?" Wakati huo kiwanja cha Baba Mdogo kilikuwa tayari kimeanza kutafutiwa mnunuzi.

Mimi, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na kila siku naonekana na daftari nikiandika riwaya isiyokwisha, nikatumwa nikasome halafu nije niwaeleze.

Basi nikasoma. Kumbe ndani ya tumbo kazi ni ileile. Kote kuwili mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi, kipande cha utumbo chenye uvimbe kinakatwa pamoja na mishipa yake na tezi za limfu za jirani, kisha ncha mbili zinaunganishwa. Tofauti iko mlangoni. Katika upasuaji wa wazi tumbo linachanwa kwa mkato mrefu na daktari anaingiza mikono. Katika ule wa matundu tumbo linajazwa hewa ya kaboni daioksaidi likavimba kama mpira, kamera inapita tundu moja, vyuma vyembamba vinapita mengine, na daktari anatazama kwenye runinga. Ila mwishoni lazima tundu moja lipanuliwe, maana kipande cha utumbo hakitoki penye upenyo wa kalamu. Bibi aliposikia hilo alipiga makofi.

Miaka ya 1990, njia hii ilipoanza kutumika kwa saratani ya utumbo, madaktari wenyewe waliiogopa, kwa sababu wagonjwa wengine waliota saratani kwenye yale matundu. Ndipo Marekani na Kanada wakachukuliwa wagonjwa 872 katika hospitali 48, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kila daktari wa kamera alitakiwa awe amekwisha kufanya upasuaji wa namna hiyo angalau mara 20. Majibu yalitoka 2004. Baada ya miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi kwa watu 16 katika kila 100 wa matundu, na 18 wa wazi. Waliokuwa hai ni 86 na 85. Tofauti ndogo mno, haimpi mtu ushindi. Saratani ya kwenye kidonda haikufika hata mtu mmoja katika 100, upande wowote. Wa matundu walilala hospitali siku 5, wenzao 6, na maumivu yao yalipungua mapema. Lakini chumbani walikaa dakika 150 badala ya 95, na kama mmoja katika watano aliishia kuchanwa vilevile.

Siku moja, jamani! Kiwanja kiuzwe kwa siku moja ya kitanda? Shangazi alininunia. Naye alikuwa na hoja: kovu refu laweza kuleta ngiri, na Baba Mdogo anaishi kwa kubeba magunia sokoni. Ningekuwa karibu na daktari wa kamera aliyebobea, na pesa ipo, ningemchagua yeye. Ila huko kulitaka kusubiri wiki kadhaa, na uvimbe hausubiri.

Mwenyewe hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alikwenda peke yake kwa daktari wa wilayani, akamwuliza amewapasua wangapi wa aina yake. Akajibiwa kwamba idadi ameisahau. Akarudi akasema, "Huyuhuyu."

Kiwanja kipo. Amepasuliwa kwa wazi, na akitaka kukohoa anajikumbatia mto tumboni. Tunangoja maabara iseme kama zile tezi zina ugonjwa. Bibi hayaulizii majibu. Anaulizia mto wake utarudi lini.