Usiku Mrefu wa Kwenda New York

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, safari iliyoanza Oktoba 2018, hukata kilomita zipatazo 11,800 kwa takriban saa 15. Kurudi hupungua kama saa moja, kwani pepo za juu huvuma kutoka magharibi zikaisukuma, mfano wa kaskazi na majahazi ya wazee wetu.

Basi mama uliyemuaga mwanao saa tano unusu usiku, usihangaike. Majira ya baridi, adhana ya Alfajiri ikisikika Mombasa, yeye yungali gizani. Usiku huandamana naye. Atatua saa nane unusu mchana kwa saa yako, ilhali huko ni saa kumi na mbili unusu asubuhi. Alfajiri yake humwingilia angani, karibu na kutua. Aisali humo humo. Akingoja, huenda jua likamchomozea kwenye foleni ya pasipoti.