Nyimbo za Nyumba Yetu

Mimi ni Mkonzo wa Mubuku. Mume wangu, askari, ni Mualuri wa Nebbi. Kila mmoja aliingia katika ndoa na muziki wake, wala sikubali kwamba mapenzi humlazimu mtu kuutupa wa kwao.

Wangu ni endara. Mbao zake nzito hulazwa juu ya vigogo vya migomba, nao huipiga watu kadhaa kwa pamoja. Mmoja akikosekana, sauti hupwaya. Mume wangu husifu adungu, kinubi cha kwao, ambacho mtu aweza kukipakata peke yake akajiliwaza. Tumebishana sana. Husema endara haibebeki siku ya uhamisho. Hapo hunishinda, maana uhamisho wa kwanza ulinitoa Mubuku, na endara ikabaki.

Juu ya Franco, aliyefariki mwaka 1989, hatugombani: gitaa lake lilivuma Mpondwe na Bwera tangu utoto wangu, ingawa Kilingala chake twakidokoa tu. Lakini anayetuketisha pamoja ni Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Aliimba kwa Kiswahili, lugha tuliyochumbiana kwayo. Ikipigwa "Shida" yake, hakuna wa kumfasiria mwenzake.

Watoto hutucheka, wao wana nyimbo zao za simu. Nawaachia. Ila likizo hii watakwenda Mubuku kwa mjomba wao, naye amekwisha kuwachongea vijiti vya endara.