Hodi ya Ndama

Kiswahili kimeipa pembe ya kifaru jina lake peke yake, kipusa, na jina hilo hilo hupewa msichana mzuri. Wenye lugha hawakutoa sifa hiyo bure. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani aliyeandika habari za pwani ya Azania aliitaja pembe hiyo miongoni mwa bidhaa za bandari ya Rhapta, pamoja na pembe za ndovu na magamba ya kasa. Baadaye majahazi yaliichukua mwaka hata mwaka, yakielekea Arabuni kwa upepo wa kusi. Jambo la kustaajabisha ni kuwa lugha iliyoipamba pembe kiasi hicho haikumfanyia mtoto wa mnyama huyo jina lake mwenyewe. Huitwa ndama tu, kama wa ng'ombe. Labda sababu ni kwamba ndama huzaliwa hana kipusa, na biashara haikuwa na haja naye.

Haja ya kipusa ilizidi mno katika miaka ya 1970. Yemen ilipata fedha kwa jasho la watu wake waliokwenda kufanya kazi katika nchi za mafuta, na kijana ambaye zamani hakuwa na uwezo wa kununua jambia lenye mpini wa kipusa akawa nao. Katika Asia ya Mashariki pembe ilisagwa ikawa dawa ya homa, ingawa asili yake ni ile ile ya kucha na nywele, na mgonjwa angaliweza kupata faida iyo hiyo kwa kutafuna kucha zake. Kenya, iliyokadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000 mwaka 1970, ilibakiwa na pungufu ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Hesabu hizo ni za waliouawa na waliosalia. Liko kundi la tatu lisiloonekana katika hesabu, nalo ni la ndama waliokutwa wakisimama kando ya mizoga ya mama zao. Ndama wa kifaru mweusi hunyonya kwa muda wa karibu miaka miwili, na humfuata mama yake hata baada ya hapo, mpaka mwingine azaliwe. Mama akifa mapema, ndama hana shangazi wala kundi la kumpokea, kwa kuwa vifaru si kama ndovu. Hapana budi apokewe na mtu, au afe.

Kupokea ni neno jepesi kulitamka. Mtoto huyo huzaliwa na uzito wa kilo 40 hivi, na kwa nguvu alizo nazo anaweza kumwangusha mtu mzima kwa hofu tu, pasipo kukusudia. Siku za kwanza hushambulia kila kitu kinachojongea mbele yake. Kisha huchoka, na ndipo mlezi humkaribia na blanketi na chupa. Maziwa yenyewe ni elimu. Maziwa ya kifaru ni mepesi kama maji. Yana sukari nyingi na karibu hayana mafuta. Maziwa mazito hulivuruga tumbo la ndama, na kuharisha ndiko adui anayeogopwa kuliko wote katika banda la yatima. Kwa hivyo walezi wa Kenya wametumia maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga wa binadamu. Chupa hutolewa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, na mlezi hulala banda moja na ndama, maana ndama aliyezoea ubavu wa mama halali peke yake. Akizinduka akakosa mwili wa kuegemea hulia, na kilio chake ni chembamba mno hata mtu asiyekijua hawezi kukinasibisha na mnyama wa umbo lile. Tena mlezi hutafuta kinyesi kibichi cha kifaru mzima, akakiweka mbele ya mtoto, kwa kuwa mwituni ndama hula kidogo kinyesi cha mama yake ili tumbo lipate vijidudu vya kusaga majani. Mchana hutembea naye porini mwendo mrefu, akamsimamia anapojifunza kukamata vijiti vya mgunga kwa mdomo wake wa juu uliochongoka, akamwingiza matopeni ngozi isichomwe na jua. Walezi wengi wana watoto wao wenyewe vijijini, nao huwaona wakati wa likizo.

Hapo ndipo panapotokea swali ambalo watu wa hifadhi hawapendi kuulizwa. Mama wa kijijini anayeona kopo la maziwa ya mtoto mchanga likimiminwa katika chupa ya mnyama, ilhali yeye hana uwezo wa kulinunua kopo hilo, ana haki ya kuuliza. Kumjibu kwa habari za watalii na fedha zao ni kumjibu nusu, kwa kuwa fedha hizo mara nyingi hupita mbali na mlango wake. Kumjibu kwamba mnyama naye ana roho ni kusema kweli, lakini mtoto wake anayo pia. Jibu lililo karibu na haki ni la hesabu na la deni. Kifaru jike huchukua mimba miezi 15 au zaidi, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka miwili na nusu au hata minne kabla ya kuzaa tena. Katika nchi iliyobakiwa na mia chache, jike mmoja aliyeokolewa alikuwa ukoo mzima. Na kwa ulinzi wa namna nyingi, na majike kama hao, idadi ya Kenya ilipanda ikapita 900 kufikia mwaka 2022. Na vifaru hawa hawakuteketezwa na ukame wala maradhi. Waliteketezwa kwa mkono wa mtu na kwa bei ya mtu. Ila mama yule hakushiriki katika deni hilo. Hakuuza kipusa wala hakununua. Kwa sababu hiyo swali lake halifutwi na jibu hili. Linabaki, na ni vema libaki, likasimama penye lango la kila hifadhi ambako walio ndani wanaweza kulisikia.

Miongoni mwa walezi waliopata kujulikana, Anna Merz ana habari ya peke yake. Alikuwa Mwingereza aliyekaa Ghana miaka mingi kabla ya kuja Kenya, na elimu yake ya shule haikuwa ya wanyama. Katika miaka ya 1980, kwa kushirikiana na jamaa ya Craig waliokuwa na shamba la ng'ombe la Lewa, kaskazini ya Mlima Kenya, alianzisha hifadhi ya vifaru ya Ngare Sergoi. Baadaye ndama jike aliachwa na mama yake punde baada ya kuzaliwa. Bibi Merz akamtwaa, akamwita Samia, akamlea nyumbani mwake kama mtu aleavyo mwana wa tumbo lake. Samia alikuwa na mama mmoja tu, na mama huyo alikuwa binadamu. Alikua, akaingia mwituni, akapata mume, lakini hakuvunja udugu. Alirudi mara kwa mara kumtafuta yule bibi. Mwaka 1995 alizaa dume, akaitwa Samuel. Furaha hiyo haikudumu. Samia alianguka gengeni akafa, na Samuel naye hakuishi. Bibi Merz alifariki Afrika ya Kusini mwaka 2013.

Wapo wanaosema kuwa mapenzi ya namna ile ni kosa. Kifaru asiyemwogopa mtu, wasema, hana njia ya kumpambanua mwenye chupa na mwenye bunduki. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini yeyote aliyepata kumpa mtoto mgonjwa kijiko cha maji saa tisa za usiku atasita kabla ya kumhukumu yule bibi.

Daphne Sheldrick alifuata njia nyingine. Mumewe David alikuwa mkuu wa kwanza wa mbuga ya Tsavo Mashariki, na huko ndiko bibi huyo alikoanza kulea yatima. Mumewe alipokufa mwaka 1977 aliiendeleza kazi hiyo katika mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946. Walezi wake walipeana zamu, ili mnyama awapende wote, asije akamfia mmoja aliyekwenda zake. Lakini jambo kubwa alilolieleza bibi huyu, aliyefariki mwaka 2018, lilihusu kinyesi, na msomaji asikunje uso. Macho ya kifaru ni dhaifu. Ulimwengu wake ni wa harufu. Vifaru wa nchi moja huweka kinyesi chao mahali maalumu, wakakitawanya kwa miguu ya nyuma, na majaa hayo ndiyo baraza zao. Apitaye hunusa akajua nani amepita, jike au dume, mwenyeji au mgeni. Mgeni ambaye harufu yake haijulikani hushambuliwa. Ndama aliyekuzwa kwa chupa, kisha akaachiliwa ghafula, angeweza kuuawa na jamaa zake mwenyewe.

Basi walezi walimtembeza yatima siku kwa siku kwenye majaa hayo, akanusa, akaongeza chake. Usiku vifaru wa porini walikuja kulinusa boma lake, nao wakaacha chao. Mswahili hawezi kuyasikia haya asikumbuke hodi. Mgeni mwenye adabu husimama nje, akapaza sauti, akangoja. Asipoitikiwa mara ya tatu huenda zake, akarudi siku nyingine. Ndama hubisha hodi mamia ya siku. Miaka miwili hupita, au mitatu, au zaidi, kabla ya kuambiwa karibu, na neno hilo likitamkwa sikio la mtu halilisikii. Walezi huona tu kuwa yatima amekutana na mwenyeji, wamenusana, na hapana aliyejeruhiwa. Halafu huanza kulala nje, usiku mmoja, kisha miwili. Blanketi lake hukunjwa likawekwa kwa ajili ya mwingine. Mlezi hujua kuwa kazi yake imefaulu pale anapoanza kutohitajiwa, na hapana mshahara uliopata kupangwa kwa jambo hilo.

Wako wasioweza kuachiliwa. Mwaka 2007, katika mbuga hiyo hiyo ya Nairobi, alionekana ndama dume akizunguka ovyo peke yake. Alikuwa kipofu wa macho yote mawili. Alipasuliwa, wala hakupata nuru. Akaitwa Maxwell, akajengewa boma. Kwa kuwa vifaru huishi kwa pua, mtu angedhani upofu si neno kwake. Sivyo, dume hana budi kuipigania nchi yake, na asiyeona pembe ya mwenzake inakotoka hatoki hai. Hivyo Maxwell alibisha hodi kama wenzake, akanusa, akajibiwa kwa harufu, ila asipate kutoka. Aliwajua majirani wote wa porini kwa majina yao ya kinyesi, wala hakupata kutembea hata hatua moja katika nchi yao. Kuliita boma lake gereza ni rahisi kwa mtu asiyelazimika kuchagua.

Mwaka 2010 aliletwa ndama jike, yatima, akaitwa Solio, akawekwa jirani naye. Walinusana kati ya nguzo, wakasukumana. Solio alitembezwa majaani, akakua, akaenda zake mwituni kama ilivyokusudiwa. Lakini si mara moja wala mbili alirudi. Alikuja usiku, akasimama nje ya lango la boma, na Maxwell akaja upande wa ndani, na pembe zao zikagongana kwenye nguzo. Asubuhi udongo wa nje ya lango ulikuwa umetifuliwa, una nyayo za vidole vitatu vitatu, zilizokuja na kurudi.