Barua kutoka Katilu: Mwalimu wa Yaoundé

Katilu, Turkana Kusini

Mwalimu mwenzangu,

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza mambo mawili: Katilu ikoje, na kama kweli nimekuja kuizika fizikia yangu mchangani. La kwanza nitalijibu upesi. La pili ndilo lililonifanya nikae nikuandikie barua nzima.

Katilu ni kijani, na najua hukutarajia kusikia hivyo. Ukitoka Kitale ukapita Kapenguria, ukateremka Marich na kuvuka Kainuk, macho yako yanazoea miiba, mawe na mbuzi. Kisha unafika ukingoni mwa mto Turkwel, maji yaliyoanza safari yao Mlima Elgon, unakuta mikoma mirefu, mahindi, mtama na matikiti yanayonyweshwa kwa mifereji iliyoanzishwa zamani kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Miti ya mathenge nayo imejaa, na miiba yake haina huruma na gurudumu la pikipiki. Wazee hukaa kivulini juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho usiku hugeuka mto wa kulalia, wakizungumzia mvua na mifugo. Malori ya Lodwar na Kakuma yana barabara yake. Sisi tuna mto.

Sasa la fizikia. Kuna mtu mmoja ambaye kila mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na mji anapaswa kumjua, naye ni Alain Aspect. Mwaka 2022 aligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia na John Clauser wa Marekani na Anton Zeilinger wa Austria. Picha zake umeziona: mzee wa Kifaransa mwenye masharubu makubwa kuliko ya chifu yeyote. Watu huanza habari yake kwenye maabara yake ya Orsay, karibu na Paris. Mimi naianzia Kamerun.

Aspect alizaliwa Agen, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1947. Mwaka 1971, baada ya shahada yake ya kwanza ya utafiti, alikwenda Yaoundé kufundisha katika chuo cha ualimu badala ya kutumikia jeshi. Akakaa miaka mitatu. Mchana alifundisha. Nje ya vipindi alijisomea kitabu kinene cha fizikia ya kwantamu cha Claude Cohen-Tannoudji na wenzake wawili, kilichochapishwa mwaka 1973. (Cohen-Tannoudji mwenyewe ni mzaliwa wa Constantine, Algeria, na baadaye, mwaka 1997, naye alipata Nobel.) Hapo Yaoundé, mbali na leza na mabingwa wa Paris, ndipo alipoijua vizuri fani ambayo ingempa jina.

Aliporudi Ufaransa mwaka 1974 alikutana na makala fupi ya mwanafizikia John Bell ya mwaka 1964, iliyokuwa imepuuzwa kwa muda mrefu. Nimejaribu kuwaeleza vijana wa Kidato cha Tatu makala ile inasema nini, na acha nikuambie nilivyofanya, maana huenda ukaniazima mbinu.

Dereva mmoja aliniachia miwani yake ya jua, ile inayokata mng'ao wa barabara. Nikaiweka juu ya kikokotoo cha mwanafunzi, nikaizungusha polepole. Tarakimu zikafifia, kioo chote kikawa cheusi tititi. Nikaendelea kuzungusha, tarakimu zikarudi. Darasa likapiga kelele. Msichana mmoja akaichukua akatoka nayo nje, akaielekeza angani, mbali na jua, akaona ubuluu ukikolea na kupungua kadiri alivyoigeuza. Mwanga hutikisika kwa mwelekeo fulani, na miwani ile huruhusu mwelekeo mmoja kupita na kuuzuia mwingine. Hicho ndicho alichokipima Aspect, ila yeye alikipima kwa chembe moja moja za mwanga, yaani fotoni.

Fotoni hizo alizipata hivi: atomu ya kalsiamu ikichokozwa kwa leza hupanda ngazi za nishati, kisha hushuka kwa hatua mbili, ikitoa fotoni ya kijani na mara hiyohiyo nyingine ya zambarau. Moja inakwenda kushoto, nyingine kulia. Ukipima mwelekeo wa mtikisiko wa zote mbili kwa namna ileile, majibu yanaafikiana. Mvulana wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, si zilipatana kabla ya kutoka?" Sikuamini masikio yangu. Hilo ndilo pingamizi la Einstein na wenzake la mwaka 1935: kila fotoni imetoka na mwakenya wake mfukoni, kile kikaratasi cha kuibia mtihani, majibu yote yameandikwa tayari.

Bell alichofanya ni hesabu. Alionyesha kwamba wenye mwakenya, wakiulizwa maswali tofauti tofauti, hawawezi kuafikiana kupita kiwango fulani. Katika jaribio la aina ya Aspect, kiwango hicho ni 2. Fizikia ya kwantamu inadai unaweza kufika karibu 2.83. Clauser na Stuart Freedman walikwisha kupima kule Berkeley mwaka 1972, wakaona dalili kwamba kwantamu inashinda, lakini mwanya ulibaki: huenda vifaa vya pande mbili viliwasiliana kwa njia isiyojulikana.

Mwaka 1975 Aspect alifunga safari hadi Geneva kumweleza Bell mpango wake. Bell akamuuliza kwanza kama ana ajira ya kudumu. Hapo nilicheka peke yangu chini ya taa ya sola, maana ni swali la chumba chetu cha walimu, sisi tulioajiriwa na bodi ya shule (BOM) na intani. Wakati ule kijana aliyejishughulisha na misingi ya kwantamu alionekana amepotea njia, na angeweza kukosa kazi. Aspect alikuwa na kazi ya ualimu iliyo salama. Vitabu husifu ujasiri wake. Mimi nasema mshahara wa kila mwezi uliusaidia sana ujasiri huo.

Alijenga mtambo wake kwa miaka, pamoja na Philippe Grangier, Gérard Roger na Jean Dalibard. Vipimo vya kwanza vya mtikisiko vilikuwa vipande vya kioo vilivyopangwa kwa kuinamishwa, kumi kila upande. Mwaka 1982 walipata 2.697, juu kabisa ya 2. Kisha wakaweka swichi pande zote mbili, zikiwa mita 12 hivi kutoka moja hadi nyingine, zinazobadilisha kipimo kila baada ya sehemu 10 za bilioni ya sekunde. Mwanga wenyewe ungehitaji sehemu 40 kuvuka pengo hilo, hivyo hakukuwa na nafasi ya kunong'onezana. Bado matokeo yaliikataa hoja ya Einstein. Ila mabadiliko ya swichi hayakuwa ya kubahatisha kikamilifu. Kundi la Zeilinger lilirekebisha hilo mwaka 1998 kwa umbali wa mita 400.

Usidhani nakuletea hadithi ya kubembelezea walimu wa mbali. Yaoundé ilimpa Aspect muda na usomaji, lakini Orsay ilimpa leza. Alikuwa na mahali pa kurudi. Wanafunzi aliowafundisha kule hawakuwa na Orsay yao, na huyu mvulana wangu wa dawati la nyuma hana. Chuo kikuu kilicho karibu naye ni kile cha Lodwar, nacho bado ni kichanga. Akili ya kumbana Einstein anayo. Kinachokosekana ni kitabu, vifaa, na mtu wa kumlipa akiwa anafikiri.

Kwa hiyo fizikia haijazikwa. Ila maktaba yetu ni rafu mbili, na mchwa wamekwisha kuanza ya chini. Ukipata vitabu vya fizikia vya chuo, hata vilivyochakaa, miwani ya aina ile, au kalamu ya leza, vifunge vizuri uvipe basi la Kitale linalokuja Lodwar, uniandikie namba ya gari. Vikokotoo tunavyo.

Wako,
Mwalimu wa Katilu