Gharama ya Nusu Milimita

Katika mijadala yetu kuhusu uchumi wa viwanda, ni nadra kusikia mtu akiitaja karakana ya kukereza vyuma. Tunataja viwanda vya saruji, vya nguo, vya sukari na vya kusindika nyama. Karakana ya ukerezaji haikatiwi utepe wala haiwekewi jiwe la msingi, na mara nyingi imejificha nyuma ya duka la vipuri, sakafu yake nyeusi kwa oili. Hata hivyo, karibu kila chombo chenye injini katika nchi hii, kuanzia trekta hadi mashine ya kusaga unga, ipo siku kitaihitaji. Leo napenda kuijadili kwa kutumia hesabu za injini moja kutoka Matongo, wilayani Tarime. Hesabu hizo nazifahamu vizuri, kwa kuwa sehemu ya fedha ilitoka mfukoni mwangu.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Matongo ni kata iliyo katika eneo ambalo wengi hulijua kwa jina la Nyamongo, si mbali na Mto Mara na mpaka wa Wilaya ya Serengeti. Ndipo ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ukaja kuwa chini ya Barrick mwaka 2006, na ambao leo Serikali yetu ina asilimia 16 ya hisa zake. Ni vigumu kupata kijiji katika mkoa huu ambacho wakazi wake wamezoea ngurumo za mitambo mikubwa kuliko hapo. Watoto hulala na kuamka wakiisikia.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana Hiace ya dizeli inayobeba abiria kati ya Nyamongo na Tarime mjini. Injini yake ni ya aina ya 3L, yenye silinda nne. Ilianza kwa kula oili, ikafuata kwa kutoa moshi wa bluu, na hatimaye, akiwa na abiria kumi na mmoja, ikanoki. Gari hilo ndilo linalomlipia binti yake ada ya chuo cha uuguzi. Aliponipigia simu hakuanza na gari. Alianza na tarehe ya mwisho ya kulipa ada.

Fundi wa pale Matongo aliishusha injini siku hiyohiyo. Ni kijana aliyeanza kazi akiwa spana boi, na sijawahi kuona mikono inayoelewa chuma kuliko yake. Alinieleza kwa simu: "Mwalimu, kuifungua na kuifunga hii injini naweza nikiwa nimefumba macho. Lakini silinda zimekula upande mmoja na kranki ina mikwaruzo. Hapo mimi nimefika mwisho, panatakiwa mashine."

Maneno hayo yanastahili kufafanuliwa. Silinda za injini ya 3L zinapotoka kiwandani zina kipenyo cha milimita 96. Kadiri pistoni inavyopanda na kushuka kwa miaka mingi, silinda hupoteza uduara wake na kuanza kuwa na umbo la yai. Dawa yake ni kuichonga upya, mara nyingi kwa kuongeza nusu milimita, kisha kuipachikia pistoni iliyo kubwa kwa kiasi hichohicho. Nafasi inayobaki kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni sehemu chache za mia za milimita, kiasi kinachokaribia unene wa unywele. Ikizidi, injini itaendelea kula oili. Ikipungua, pistoni itakwama injini ikipata joto. Kranki nayo husagwa kwa kupunguzwa robo milimita, kisha huvishwa metali nene zaidi ili kuifidia. Kila inaposagwa huwa imepoteza sehemu ya uhai wake, na baada ya awamu chache hutupwa. Hakuna kipaji cha mkono kinachoweza kufanya kazi hiyo bila mashine na maikromita.

Karakana iliyoaminika kufanya kazi zote hizo kwa pamoja ilikuwa Mwanza, safari ya karibu kilomita 300. Bloku, kranki na silinda hedi vikapakiwa kwenye lori, na mdogo wangu akafuatana na fundi kwa basi. Kuchonga silinda nne, shilingi 180,000. Kusaga kranki, 150,000. Kusawazisha uso wa hedi na kusaga vali, 100,000. Kupima konrodi na kubadilisha bushi zake, 40,000. Jumla 470,000. Nilipotumiwa hesabu hiyo nilishusha pumzi, maana nilitarajia zaidi. Pistoni, ringi, metali, gasketi na oili viligharimu 780,000.

Lakini hesabu haikuishia hapo. Usafiri wa mizigo kwenda na kurudi, nauli za watu wawili, chumba cha kulala wageni kwa siku nne na chakula vilifika 340,000. Siku nne zilitokana na foleni pamoja na umeme uliokatika mchana mzima. Kwa kuhesabu tangu siku injini ilipokufa, gari lilikaa siku 19 bila kufanya kazi. Kwa wastani wa 40,000 zinazobaki kwa siku baada ya mafuta na posho ya kondakta, hizo ni shilingi 760,000 ambazo hazikuingia. Ndugu yangu aliuza ng'ombe wawili. Kwa mtu wa Tarime, hilo ni jambo linalojadiliwa na ukoo.

Baada ya wiki tatu barabarani, injini ikaanza kugonga tena. Fundi aliifungua na kukuta metali moja imeliwa. Alikwenda kuazima maikromita kwa mtu anayefanya kazi kwa mkandarasi, akapima kranki, akaona sehemu moja haikusagwa duara kamili. Karakana ile ilikataa lawama, ikasema metali zilikuwa bandia. Mwishowe ilikubali kuisaga tena kwa nusu ya bei, 75,000. Metali mpya zikagharimu 120,000, safari ya mtu mmoja 180,000, na siku tisa za gari kusimama 360,000. Kranki ile sasa imepunguzwa nusu milimita badala ya robo, yaani imezeeka kwa awamu nzima ndani ya mwezi mmoja.

Tukijumlisha vyote, injini hiyo imegharimu shilingi 3,085,000. Katika fedha hizo, malipo ya ukerezaji wenyewe ni 545,000, chini ya shilingi moja katika kila tano. Umbali, kusubiri na kazi iliyorudiwa vimekula zaidi ya nusu ya jumla yote. Kwa hiyo ninaposikia madereva wakilalamika kwamba karakana ni ghali, nadhani wanaisukumia lawama bei isiyohusika. Mkerezaji wa Mwanza hakututajirikia. Kilichotufilisi ni kwamba yuko Mwanza, na kwamba hatukuwa na njia ya kuikagua kazi yake kabla ya kuondoka.

Hesabu hiyo ina tokeo jingine. Tukiwa Mwanza tuliambiwa kwamba injini nzima ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari huko ng'ambo, ni shilingi milioni tatu na nusu. Tofauti na gharama yetu ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye haraka ataichukua bila kufikiri mara mbili. Akifanya hivyo, karakana inakosa mteja, mkerezaji anakosa kazi ya kumnoa, na kijana anayetaka kujifunza ukerezaji haoni faida yake. Karakana zinapungua, umbali unaongezeka, na injini ya mtumba inazidi kuonekana nafuu. Hivyo ndivyo nchi inavyopoteza ujuzi bila mtu yeyote kuamua kuupoteza.

Historia ya teknolojia inatufundisha kwamba jambo hili si dogo. James Watt alipata hataza ya injini yake ya mvuke mwaka 1769, lakini kwa miaka kadhaa hakuweza kuifanya ifanye kazi ipasavyo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumchongea silinda iliyo duara kamili. Mvuke ulivuja pembeni mwa pistoni. Aliyemkwamua ni John Wilkinson, mfua chuma aliyekuwa amebuni mashine ya kutoboa mizinga mwaka 1774, naye akaitumia maarifa yake kuchonga silinda. Tunamkumbuka Watt, tunamsahau Wilkinson. Lakini mapinduzi ya viwanda ya Uingereza yalimsubiri huyo wa pili.

Viongozi wetu wa awali walilielewa hilo. SIDO iliundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Mang'ula kulikuwa na kiwanda cha mashine na vipuri kilichotokana na karakana za ujenzi wa reli ya TAZARA. Mkoani Kilimanjaro kilijengwa kiwanda cha kutengeneza mashine za kukerezea, kwa msaada wa Bulgaria. Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari. Dhana ilikuwa kwamba taifa lisiloweza kutengeneza mashine zinazotengeneza mashine litabaki kuwa mnunuzi. Mengi ya hayo yalidhoofika, kwa sababu za ndani na za nje, na sina nia ya kuyalilia hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba swali waliloliuliza bado halijajibiwa, na injini ya Matongo ni ushahidi.

Tunazo sheria za kutosha. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinataka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inataka kila mgodi uandae mpango wa wajibu kwa jamii na kuuwasilisha kwa halmashauri. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Madarasa, zahanati na visima vilivyotokana na fedha za namna hiyo ni mambo ya heri. Lakini tunapouliza vijana wa Nyamongo wafanye nini, jibu letu limekuwa bodaboda na ufugaji wa kuku. Mashine ya kusaga kranki haiwezi kununuliwa kwa mkopo wa bodaboda. Inahitaji mtaji mkubwa wa pamoja, umeme wa uhakika wa njia tatu, na mteja wa kudumu.

Mteja huyo yupo. Kuna magari ya abiria, malori ya makandarasi, karasha za wachimbaji wadogo na mashine za kusaga nafaka, Tarime na Serengeti kote. Karakana moja iliyokamilika, ikiwa na mashine ya kuchonga silinda, ya kusaga kranki na ya kusawazisha hedi, ingeweza kuhudumia wilaya zote mbili, na wahitimu wa VETA Musoma wangepata mahali pa kukomaa.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba tumewahi kununua mashine zikaishia kufunikwa na maturubai. Ni kweli. Ndiyo maana ningependa tuanze na kitu cha bei ndogo zaidi, nacho ni kipimo. Kama fundi wetu angekuwa na maikromita yake mwenyewe siku ile Mwanza, kranki isingetoka mlangoni ikiwa na kasoro, na shilingi 735,000 za safari ya pili zisingetumika. Mashine bila mtu aliyefundwa kupima ni chuma tu. Mtu aliyefundwa kupima, hata kabla ya kupata mashine, tayari hadanganyiki kirahisi.

Binti yetu alilipiwa ada, akiwa amechelewa, baada ya ng'ombe wa tatu kuuzwa. Fundi ameagiza maikromita. Madiwani wa Tarime wakikaa kupitisha mpango ujao wa fedha zinazotoka mgodini, naomba angalau mmoja wao aulize: kwa miaka yote hii tukiwa jirani na mitambo mikubwa namna hiyo, ni wangapi miongoni mwa watoto wetu wanaoweza kupima nusu milimita?