Alama Nilizomnyima Mwanafunzi

Mapema mwaka 2021 nilisahihisha insha ya mwanafunzi aliyedai kwamba ExxonMobil iliunga mkono kodi ya kaboni kwa mdomo tu, ikijua fika kuwa Bunge la Marekani halitaipitisha. Pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: “Ushahidi uko wapi?” Nikamkata alama. Mimi niliona ninao wangu: matamko ya kampuni, na fomu za ushawishi ambazo sheria huitaka iwasilishe bungeni kila robo ya mwaka.

Tarehe 30 Juni mwaka huohuo, Channel 4 ya Uingereza ilirusha video iliyorekodiwa kwa siri na waandishi wa Greenpeace. Keith McCoy, mshawishi wa kampuni hiyo mjini Washington, akidhani anazungumza na watu wanaotafutia wengine ajira, alieleza kuwa kodi hiyo haitapita, ila kuiunga mkono kunaipa kampuni jambo la kusema. Mtendaji mkuu, Darren Woods, aliomba radhi na kukana kwamba huo ndio msimamo wa kampuni.

Nilizirudia zile fomu, safari hii kwa macho ya yule mwanafunzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 humtaka mshawishi amtaje mteja, mada, muswada na kiasi cha fedha. Haimtaki aseme kama anauunga mkono muswada huo au anaupinga! Mtu anaweza kuijaza fomu kwa uaminifu mtupu, na msomaji akatoka kapa. Miaka yote nilikuwa nikiwafundisha vijana kuhesabu dola, nami nikadhani nawafundisha uwazi.

Kisha vipo vyama ambavyo kampuni huvichangia ili viseme yale ambayo zenyewe zisingependa kunukuliwa zikiyasema. Hapa, kusema kweli, baadhi zimejitahidi. Mwaka 2019 Shell ilichapisha tathmini ya vyama vyake na kutangaza kujitoa katika kimoja cha wasafishaji mafuta. Januari 2021 Total nayo ikaaga chama kikuu cha mafuta cha Marekani, zote zikitaja tofauti za sera za tabianchi. Lakini kampuni ilijitathmini yenyewe, ikajisahihishia mtihani wake. Huenda ndiyo maana Mei 2021 takriban asilimia 64 ya kura za wanahisa wa ExxonMobil zilidai ripoti ya ushawishi wake wa tabianchi, ilhali bodi ilikuwa imewashauri wakatae.

Jambo hili haliko mbali nasi. ExxonMobil imekuwa mbia wa Equinor katika gesi ya kina kirefu baharini, kusini mwa Tanzania. Sheria yetu ya uwazi na uwajibikaji katika uziduaji, ya mwaka 2015, inadai mikataba iwekwe hadharani. Ni hatua kubwa. Ila mkataba ni tamati ya mazungumzo. Nani aliingia ofisi ipi kabla yake, akiomba kifungu gani kilegezwe, mkataba hausemi.

Matokeo ya yule kijana yalikuwa yamekwisha kupitishwa na Seneti ya chuo. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Alicheka kwa adabu, kisha akaniuliza: “Lakini Dokta, bila ile video, ushahidi ule mimi ningeupata wapi?”