Salvia Nyekundu ya Milima ya Texas

Wekundu wa ua peke yake si ushahidi. Wasomaji wanaopanda maua mbele ya nyumba au ofisi waijua salvia nyekundu ya bustani, Salvia splendens, ambayo asili yake ni Brazil. Lakini huko Texas, Marekani, ziko salvia nyekundu za mwituni. Nilipokuwa mgeni huko, mzee mmoja mwenye shamba, akijua ya kuwa nimefanya kazi ya kilimo, aliniita nitazame ua lililoota bondeni kwake. Alikuwa amekwisha kuamuru bonde lifyekwe. Mmea wa asili ya nchi atauacha, alisema, bali uliotoroka bustanini utang'olewa.

Kwanza nilishika shina. Lilikuwa na pembe nne, na majani yameota mawili mawili yakielekeana, kama ya mrehani, nao ni wa jamaa moja. Kisha nikapasua ua: mrija wenye midomo miwili, na ndani mna nyuzi mbili tu za kutoa chavua, hali mimea mingi ya jamaa hiyo ina nne. Basi ni salvia, lakini ipi? Hapo sharti mtu akitazame kikombe kilichoshika ua. Kile cha salvia nyekundu ya Brazil huwa chekundu kama ua lenyewe. Hiki kilikuwa cha kijani.

Mzee akasema ndege wadogo wale wanaosimama hewani wakivuma kwa mabawa hulijia kila asubuhi. Sikuutia maanani ushahidi huo, kwa kuwa ndege hao hunywa maji matamu ya ua la Brazil vile vile.

Salvia greggii ni kichaka chenye vijiti vigumu, na majani yake madogo hayana meno ukingoni. Salvia coccinea ina majani ya pembetatu. Mmea huu haukufika gotini, majani yake mapana ya mviringo, nao umeota penye mawe ya chokaa kivulini mwa mwaloni. Ulikuwa Salvia roemeriana, uliopewa jina la Ferdinand Roemer, Mjerumani mtaalamu wa miamba aliyekuwa Texas tangu 1845 hata 1847.

Mzee aliizungushia miti kamba siku ile ile. Nilimwomba angoje vikombe vikauke, maana kila kimoja huweza kuwa na mbegu nne. Akataka kunipa nyingine nizilete Kenya. Nikamwambia, “La, mzee; kwetu huo ungekuwa mgeni.”